Roboti Waliochoka Kutumwa: Mikusanyiko ya Ro-Busters, A.B.C. Warriors na Robo-Hunter

Vitabu vinne ninavyovihakiki hapa vyote vimetolewa na Rebellion, kampuni ya Oxford nchini Uingereza inayotengeneza michezo ya kompyuta na ambayo tangu mwaka 2000 ndiyo mmiliki wa gazeti la katuni la kila wiki liitwalo 2000 AD. Viwili ni juzuu za Ro-Busters: The Complete Nuts and Bolts, zilizotoka mwaka 2015 na 2016, cha tatu ni A.B.C. Warriors: The Mek Files 01, cha mwaka 2014, na cha nne ni Robo-Hunter: The Droid Files 01, cha mwaka 2009. Ukiiweka kando sehemu ya pili ya Mek Files, hadithi zilizomo zilianza maisha yake mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikitoka kurasa tano au sita kwa wiki kwenye karatasi duni ya gazeti, ambayo hakuna aliyetarajia iendelee kusomwa mwezi mmoja baadaye. Nimezisoma kwa mfululizo, na ninashikilia kwamba zikikaa pamoja hugeuka kuwa hadithi moja ndefu ya mfanyakazi asiye na mshahara wala haki, ambaye akichakaa hupimwa kwa kilo na kupelekwa kuyeyushwa. Aliyesoma toleo moja moja huenda jambo hilo lilimpita. Anayesoma kitabu kizima halimpiti.

Ili uzito wake uonekane, ni lazima kukumbuka roboti wa katuni za Kiingereza alikuwa wa namna gani kabla ya hapo. Robot Archie alijitokeza katika toleo la kwanza kabisa la gazeti la Lion, Februari 1952, hadithi yake ikiandikwa na E. George Cowan, na miaka mitano baadaye akarudi katika michoro ya Ted Kearon, aliyemchora kwa muda mrefu kuliko wote. Archie alikuwa jitu la chuma lililoongozwa kwa mitambo na vijana wawili, Ted Ritchie na Ken Dale, na hata alipopewa sauti na kuwa mwenye majivuno makubwa, aliendelea kuwa chombo chao. Steel Commando, aliyeanza mwaka 1970 katika gazeti la Thunder, alikuwa askari wa mashine katika Vita vya Pili vya Dunia ambaye hakutii sauti nyingine yoyote ila ya Ernie Bates, askari mvivu kupindukia. Hadithi zake ni za kuchekesha na zimetengenezwa kwa ustadi, lakini swali la roboti mwenyewe anataka nini halikuulizwa.

Kuna mmoja wa kizazi hicho ambaye msomaji wa Afrika hawezi kumpitia harakaharaka. Mwaka 1964 gazeti la Valiant lilianza kutoa Mytek the Mighty, iliyoandikwa na Tom Tully na kuchorwa na Eric Bradbury. Mytek ni sokwe wa mashine mkubwa kama jengo, aliyeundwa na Profesa Boyce kwa mfano wa sanamu inayoabudiwa na Waakari, kabila la kubuni la Kiafrika, kwa matumaini kwamba watamtii. Kisha Gogra, msaidizi wa profesa, anamwiba sokwe huyo na kumfanya silaha yake. Bradbury alikuwa hodari wa giza na kivuli, na kurasa zake bado zinatisha. Hata hivyo msingi wa hadithi ni kwamba Waafrika watatulizwa kwa mungu wa bandia aliyeundwa na mtaalamu wa Kiingereza, na hilo lilichapwa katika muongo uleule ambao Tanganyika, Uganda, Zanzibar na Kenya zilikuwa zimejipatia uhuru. Sisemi hadithi kama hizo zifichwe. Nasema zichapwe pamoja na utangulizi wa maana, ulioandikwa na mtu anayejua zilitoka katika fikra gani, kwa kuwa mtoto wa leo atakayekutana na Waakari bila maelezo atakuwa amepewa picha tupu bila historia yake.

Uchapaji upya wenyewe si jambo geni kwa katuni za Kiingereza. Mwaka 1975 lilianzishwa gazeti zima, Vulcan, lililojaa hadithi za zamani tu, Archie na Mytek wakiwamo, kwa sababu kurudia kurasa ambazo tayari zimelipiwa ni rahisi kuliko kuagiza mpya. Waandishi na wachoraji hawakutajwa. Desturi ya magazeti ya katuni ya Uingereza ilikuwa kuficha majina yao, na kazi zao zilikuwa mali ya kampuni tangu siku zilipopokelewa. 2000 AD, lililoanza Februari 1977 chini ya uhariri wa Pat Mills, ndilo lililoivunja desturi hiyo pale Kevin O'Neill, kijana wa idara ya sanaa, alipoanza kuweka majina ya waliofanya kazi kwenye kurasa zao. Ninalitaja hili mapema kwa sababu lina uhusiano wa moja kwa moja na vitabu vilivyo mbele yetu: waliounda hadithi hizi walikuwa vibarua wanaolipwa kwa ukurasa, wasiomiliki hata kidole kimoja cha roboti waliyembuni, na ninaamini hasira iliyomo ndani ya Ro-Busters haikutoka mbali na meza walizofanyia kazi.

Ro-Busters ilizaliwa Mei 1978 katika Starlord, gazeti dada la 2000 AD lililokuwa na karatasi nzuri zaidi na bei ya juu zaidi, na ambalo halikufika mbali. Baada ya matoleo 22 liliunganishwa na 2000 AD, Oktoba mwaka uleule. Mwandishi wake mkuu ni Pat Mills. Kisa kinahusu kampuni ya uokoaji ya Howard Quartz, tajiri ambaye mwili wake wote umebadilishwa kuwa mashine na kilichobaki cha kibinadamu ni ubongo peke yake, ndiyo sababu wafanyakazi wake wanamwita Bwana Asilimia Kumi. Palipo na moto, mafuriko au chombo cha angani kilichoharibika, Quartz hutuma roboti. Huwatuma kwa sababu roboti akiangamia hakuna mjane wa kufidiwa wala chama cha wafanyakazi kitakachokuja kugonga meza.

Wawili wanaobeba hadithi ni Hammerstein na Ro-Jaws. Hammerstein ni askari wa zamani, mkono wake mmoja ni nyundo, na bado anaamini kwamba amri ni amri na kwamba utumishi wa uaminifu utalipwa siku moja. Ro-Jaws alikuwa roboti wa mifereji ya majitaka. Kinywa chake ni kipana kama koleo, lugha yake ni ya mtaani, na hakuna bosi ambaye hajamtolea neno. Mabishano yao ndiyo roho ya kitabu. Kila Hammerstein anapotetea nidhamu, Ro-Jaws humkumbusha mahali wanapolala, namna wanavyosemeshwa na kile kinachowangoja wakivunjika. Kinachowangoja kina jina: Mek-Quake, tingatinga katili na mzito wa akili, ambaye Quartz humtumia kuwabomoa wenzake na ambaye huifanya kazi hiyo kwa furaha. Katika fremu nyingi Mek-Quake yupo tu pembeni, akinguruma, na kuwapo kwake kunatosha.

Juzuu ya kwanza, yenye hadithi za Starlord, si bora sana. Mpangilio wake unajirudia: maafa yanatokea, roboti wanatumwa, kitu kinalipuka, watu wanaokolewa na hakuna anayewashukuru waokoaji. Wachoraji wake ni mahodari, hasa Carlos Pino na Ian Kennedy. Kennedy, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na mkono wa pekee katika kuchora ndege na vyombo vya angani, na hata pale hadithi inapolegea jicho hukaa kwenye mabawa na injini zake. Lakini bado unasoma hadithi ya vituko ambayo haijaamua inataka kusema nini. Pia utaona kwamba kichwa cha Hammerstein hakifanani kati ya mchoraji mmoja na mwingine. Msomaji wa kila wiki angeweza kulisahau jambo hilo, ila kitabuni sura hizo mbalimbali zinakutana baada ya kurasa chache tu, na inabidi kulizoea.

Mambo yanabadilika hadithi inapohamia 2000 AD. Kumbukumbu za vita za Hammerstein zinaeleza jinsi alivyopatikana: wanajeshi walitaka mashine ya kuua, wakagundua kwamba mashine isiyo na dhamiri haichagui wa kumuua, na baada ya majaribio yaliyoleta balaa wakalazimika kuunda askari mwenye hisia, ambaye baadaye hisia zake ndizo zinazomtesa. Mills aliyeandika haya kwa ajili ya watoto ndiye aliyeanza mwaka 1979 kuandika Charley's War, hadithi ya askari wa kawaida katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na chuki yake kwa wakubwa wanaowatuma wadogo kufa tayari ipo hapa.

Kisha inafuata The Terra-Meks. Kama ningeruhusiwa kumpa mtu kurasa chache tu kutoka vitabu vyote vinne, ningempa hizi. Northpool ni mji wa bandari uliozeeka, na wenye fedha wameamua uvunjwe. Kazi hiyo wanapewa Terra-Meks, roboti wabomoaji wakubwa kuliko majengo yenyewe, wanaotembea wakikanyaga mitaa. Anayesimama mbele yao ni Charlie, roboti rubani wa bandari, mkubwa kama wao lakini mpole, aliyetumia maisha yake kuongoza meli ziingie salama na ambaye wakazi wanampenda kama mzee wa mtaa. Dave Gibbons ndiye aliyechora, na usafi wa mstari wake unafanya kazi ambayo mchoraji wa fujo asingeweza kuifanya: kila jengo limepimwa, kila dirisha lina mahali pake, hivyo mguu wa chuma unapoingia barabarani unajua kabisa ni kiasi gani cha mji kimekwenda. Charlie anachorwa akiwa amezidi ukingo wa fremu, huku watu wakiwa nukta chini ya miguu yake, na bado uso wake, ambao ni bamba tu lenye macho, unaonyesha woga na ushupavu kwa pamoja. Mwisho wake sitausema. Hadithi hii ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1979, katika majira ya baridi ambayo Uingereza ilikuwa imejaa migomo, na bandari nyingi za nchi ile zilikuwa zinapoteza kazi zake. Mtoto wa mji wa bandari aliyeisoma hakuhitaji mwalimu wa kumweleza Northpool ni wapi.

Baada ya hapo Mills anaipeleka hoja yake hadi mwisho. Katika The Fall and Rise of Ro-Jaws and Hammerstein, Quartz anapiga hesabu na kuona kwamba roboti wake wana thamani zaidi wakiangamizwa na kulipiwa bima kuliko wakiendelea kufanya kazi. Roboti wanaligundua, wanatoroka, na wanakuta kwamba ipo njia ya siri inayowasafirisha wenzao hadi mahali ambapo hawana bwana. Mwangwi wa njia za siri walizotumia watumwa wa Marekani kukimbilia kaskazini katika karne ya 19 hauwezi kukosewa, na Mills hakujaribu kuuficha. Hapa ndipo Hammerstein, mtii wa miaka yote, analazimika kuchagua, na uchaguzi wake una uzito kwa sababu tumemwona akitetea mabwana zake tangu ukurasa wa mwanzo wa juzuu ya kwanza. Hii ndiyo faida kubwa ya kitabu juu ya gazeti: mabadiliko ya mhusika yaliyochukua karibu mwaka mzima kuchapwa unayapokea kwa siku chache, na yanashikana.

Michoro ya Kevin O'Neill inastahili kusemwa peke yake. O'Neill, aliyefariki Novemba 2022, hakuchora roboti kama sanduku lenye miguu. Alichora taya, skrubu, mabomba, kutu na meno, na kila ukurasa wake umejaa mambo madogo yasiyoonekana mara ya kwanza, kama matangazo ya ukutani, maandishi kwenye migongo ya roboti na nyuso za wapita njia zilizopotoka kwa tamaa. Ni mtindo wenye ukali ndani yake. Mwaka 1986 mamlaka iliyokuwa ikikagua katuni za Marekani ilikataa hadithi aliyoichora kwa sababu ya mtindo wenyewe, si kwa picha moja ambayo ingeweza kuondolewa. Mtu anayependa sura nzuri na zilizopangika atapata shida naye. Mimi namwona kuwa ndiye aliyewapa roboti hawa heshima, kwa sababu hakuwasafisha: walichoka, walipondeka, na aliwachora hivyo.

Mek Files 01 inaendelea na Hammerstein, lakini safari hii tumerudi katika vita dhidi ya Volgan, dola ya adui ambayo 2000 AD ililianzisha tangu toleo lake la kwanza. Sehemu ya kwanza, The Meknificent Seven, ilitoka katika matoleo ya 119 hadi 139, mwaka 1979. Hammerstein anapewa jukumu la kukusanya kundi la askari saba kwa kazi ambayo hajaelezwa, ambayo baadaye inafahamika kuwa ni kuleta amani katika sayari ya Mars. Roboti hawa wameundwa ili wavumilie silaha za nyuklia, za vijidudu na za kemikali, yaani mahali ambapo binadamu hawezi kupigana lakini hataki vita viishe. Mkusanyo wa kundi ndio sehemu iliyonivutia zaidi: Joe Pineapples mdunguaji mtulivu, Happy Shrapnel mzee, Deadlock mwenye upanga, aliye mchawi kuliko kuwa askari, Blackblood msaliti kutoka upande wa adui, ambaye hakuna anayemwamini na bado anahitajika.

Nitakaa kidogo kwa Mongrol na Steelhorn. Mongrol alikuwa askari wa miavuli aliyesambaratishwa vitani. Msichana aitwaye Lara anaokota vipande vyake na kumuunga kwa chochote anachokipata, akapata jitu lenye mikono mikubwa na akili ya mtoto. Mike McMahon alimchora kwa mistari mifupi, minene, kama iliyokatwa kwa patasi, na hakuna mahali popote ambapo anaomba huruma kwa macho ya machozi. Huruma inatoka kwenye mabega. Steelhorn naye ni shujaa asiyevunjika, mng'aro mtupu, ambaye amani inapokuja hana tena matumizi. Waliomtuma vitani wanaamua kumyeyusha. Kilichobaki, uji wa chuma unaotembea na unaoitwa The Mess, kinaendelea kuwa hai na kinaendelea kutumika. Sijaona katika katuni za watoto maelezo makali zaidi ya namna dola zinavyowafanyia askari wao vita vikiisha.

Lawama yangu kwa sehemu hii ni kwamba inapofika Mars inapungua nguvu, kwa kuwa kila vipindi viwili vitatu tatizo jipya linaingia na mchoraji mpya anaingia nalo. Gibbons, Carlos Ezquerra na McMahon ni wakubwa wote, ila mtu anayesoma kwa mfululizo anahisi gari likibadilishwa magurudumu likiwa njiani. Sehemu ya pili ya kitabu, The Black Hole, ni ya mwaka 1988 na iko mbali na ile ya kwanza kwa kila hali. Simon Bisley, kijana wakati huo, anachora roboti wenye misuli na mikanda kama wanamuziki wa roki, akipokezana na mchoraji anayejiita SMS, ambaye kurasa zake zimejaa maumbo ya kihandisi yenye kuchosha macho kwa uzuri. Kwa picha, ni karamu. Kwa hadithi, msomaji mgeni atapotea, kwa sababu kisa kinatokana na mambo yaliyotukia katika Nemesis the Warlock, hadithi nyingine ya Mills, na kitabu hakimshiki mkono vya kutosha. Terri, mwanamke wa kibinadamu anayejiona kuwa roboti, alikuwa na uwezo wa kuwa mhusika mkubwa. Nafasi aliyopewa ni ndogo. Kwa kweli wanawake ni wachache mno katika vitabu vyote vinne, na huo ni upungufu ambao umri wa hadithi unaueleza bila kuuondoa.

Robo-Hunter ni kitu tofauti. Mwandishi wake, John Wagner, baadaye akisaidiana na Alan Grant, hakuwa na hasira ya Mills. Alikuwa na akili ya mchekeshaji anayechukua wazo moja la kimantiki na kulifuata mpaka lizae wazimu. Hadithi ya kwanza, Verdus, iliyoanza Agosti 1978, inamtuma Sam Slade, mwindaji wa roboti aliyekwisha zeeka, kwenye sayari ambayo roboti walitangulizwa kuiandaa kwa ajili ya binadamu. Sayari imekamilika, miji inang'aa, lakini kila kundi la wahamiaji linalotumwa linapotea. Sababu yake ni moja ya mambo ya busara kabisa niliyoyasoma katika katuni. Roboti wale walifundishwa kwamba binadamu ni bora kuliko wao kwa kila kitu. Wahamiaji walipofika wakiwa dhaifu, wajinga na wenye kusahau, roboti walihitimisha kwa unyoofu kamili kwamba hawa hawawezi kuwa binadamu, ni viigizo tu, na wakawafungia huku wakiendelea kuwasubiri binadamu wa kweli kwa heshima zote. Hakuna uovu ndani yake. Kuna utii uliofikishwa mwisho, na Sam anajaribu bila mafanikio kuthibitisha kwamba yeye ni mtu, mbele ya mashine ambazo zinamheshimu mtu kuliko anavyojiheshimu mwenyewe.

José Ferrer alianza michoro, Ian Gibson akaichukua, na tangu hapo Robo-Hunter ni ya Gibson. Alifariki Desemba 2023, na kitabu hiki ni mahali pazuri pa kumjua. Umati wake wa roboti hauna nakala mbili zinazofanana: huyu ana kofia ya tarishi, yule ana magurudumu na mkoba, mwingine ni mlango unaozungumza. Mstari wake unapinda na kurukaruka, na kila roboti ana tabia kabla hajafungua kinywa. Katika The Day of the Droids, ambapo roboti wanachukua nafasi za watu mmoja baada ya mwingine, ustadi huo unageuka kuwa wa kutisha, kwa sababu macho yako yamekwisha zoea kuwapenda. Mizaha ya Wagner kuhusu mataifa mengine imechakaa, na kuna mahali nilifunua ukurasa haraka. Lakini mzaha wa msingi, ule wa mashine kumhukumu mtu kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, haujazeeka hata kidogo.

Sasa kuhusu vitabu kama vitabu. Mek Files na juzuu mbili za Nuts and Bolts zina jalada gumu na ukubwa unaoitendea haki michoro, na weusi wa wino umekolea bila kung'aa. Ukizilinganisha na matoleo ya gazeti ya wakati ule, ambayo leo yamekuwa ya kahawia na yanakatika kingoni, tofauti ni kubwa: mistari ya O'Neill iliyokuwa ikivimba na kuungana kwenye karatasi yenye kunyonya wino sasa inaonekana mmoja mmoja. Si kurasa zote zilizobahatika. Baadhi zina vivuli vilivyoziba, na ninachukulia kwamba zilinakiliwa kutoka kwenye gazeti lenyewe kwa kukosekana kwa mchoro wa asili, maana miaka ile wachoraji hawakurudishiwa kazi zao na nyingi zilipotea.

Droid Files ni kitabu kinene chenye jalada laini, na hapo ndipo malalamiko yangu yalipo. Ukubwa wake ni mdogo kuliko wa gazeti la awali, kwa hiyo maneno ndani ya maputo yamebanana, na katika michoro ya Gibson iliyojaa vitu hilo linaumiza. Tena unene wake unafanya kurasa pacha zimezwe na mshono wa katikati. Ukitaka kuona roboti aliyesimama kwenye bonde la kurasa ni lazima ukandamize uti wa kitabu mpaka uogope kuuvunja. Kazi hii ilistahili muundo uleule waliopewa Ro-Busters. Vitabu vyote vinne vingefaidika na maelezo zaidi: nani alikuwa nani, gazeti lilifanywaje, kwa nini Starlord lilikufa. Mchapishaji anayemiliki hazina hii, na ambaye mwaka 2016 na 2018 aliongeza kwa kununua sehemu kubwa ya katuni za zamani za Uingereza, zikiwamo za kizazi cha Valiant na Lion, ana wajibu wa kuwa mtunza kumbukumbu vilevile.

Neno la namna ya kusoma. Hadithi hizi zilikatwa kwa wiki, kila kipande kikianza kwa kukumbusha yaliyopita na kuishia pabaya ili urudi wiki ijayo. Ukisoma vipande kumi kwa kikao kimoja, vikumbusho hivyo vinakera na hatari zinaanza kufanana. Nilipata ladha zaidi nilipojizuia kwa vipande viwili au vitatu, kisha nikafunga kitabu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuagiza vitabu vya jalada gumu kutoka Uingereza ni gharama, na uzito wake unaongeza nauli ya posta. Duka la mtandaoni la 2000 AD huuza pia nakala za kidijitali katika faili za PDF na CBZ, ambazo hupakuliwa moja kwa moja na kubaki kwako. Kwenye kompyuta kibao yenye kioo kikubwa zinasomeka vizuri, na kwa Droid Files ningechagua faili kuliko karatasi, kwa kuwa mshono haumezi kitu na maputo yanaweza kukuzwa. Kwa Ro-Busters ningechagua karatasi bila kusita. Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu anunue juzuu ya pili ya Nuts and Bolts; hatapungukiwa kwa kutosoma ya kwanza, maana Quartz, Mek-Quake na ndimi za wale wawili huanza kueleweka ndani ya kurasa chache, na Charlie yumo humo.